Ng'ombe wa Mwalimu Bupe

Mwaka 1976 Mwalimu Bupe alifika Itiryo akiwa na mwavuli mweusi, sanduku la bati na sauti ndogo. Mwavuli tuliusamehe, maana kwao Tukuyu mvua haiwaachii watu nafasi. Sauti ndiyo iliyotutia wasiwasi. Sisi Wakurya tukisalimiana asubuhi, mtu wa kilima cha pili anajua tumeamkaje, lakini binti huyu akisema "hamjambo" ilibidi umtazame mdomo.

Nyumba yake ilipakana na yangu. Kijiji kilikuwa kipya. Tulikuwa tumetolewa kwenye maboma yetu ya zamani tukapangwa mistari, na jirani akikohoa unamsikia kana kwamba yuko kitandani kwako. Sikuupenda mpango ule na nilimwambia kila aliyenipa sikio, pamoja na wale ambao hawakunipa. Ila kwa jirani niliyempata sina la kulalamika. Jioni ya kwanza alisimama mlangoni kwangu kuomba moto.

"Shikamoo, mama."

"Mama yako nani?" nikamwambia. "Mimi ni dada yako, naitwa Mogesi. Ingia, acha kusimama kama mtu wa kodi."

Akaingia, na tangu siku hiyo tukawa tunapukuchua mahindi pamoja na kusengenya watu kwa kiasi. Hakuwa mtu wa kulia shida, ndiyo maana nilichelewa kuijua ya kwake. Aliniambia siku moja mvua ikitufungia ndani. Alikuwa amefundisha mahali pengine kabla ya kuja kwetu, na mkubwa wake wa kule alikataa kumthibitisha kazini, akasema hawezi kushika darasa kwa sababu hasikiki.

"Nikikataliwa na hapa, dada, ndiyo basi. Naondolewa kwenye ualimu, narudi nyumbani. Na mimi hakuna kazi nyingine ninayoitaka."

"Nani mwingine anajua?"

"Wewe tu."

"Basi na ibaki hivyo," nikasema. Nikaendelea kupukuchua, lakini moyo uliniuma kweli. Nilikuwa nimeshamzoea.

Wakati huo sisi watu wazima tulikuwa tumejifunza kusoma na kuandika Kiswahili, na huko kujua kidogo kukatutia kiburi. Tukataka Kiingereza. Sirari haiko mbali na kwetu, na ukienda gulioni kule unakutana na watu wa ng'ambo ya mpaka wanaotia Kiingereza katika kila sentensi kama chumvi, na wewe unabaki kuitikia kwa kichwa jambo usilolijua. Tena dawa ya kuogeshea ng'ombe ilikuja na maandishi ya Kiingereza. Mzee Nyangwine alisimama katika mkutano wa kijiji akasema hawezi kuendelea kumwagia ng'ombe wake kitu ambacho hajui kimesema nini.

Ofisi ya elimu ikakubali kwa sharti. Darasa lingeanza, kisha mkaguzi angekuja kutupima, tukishindwa linafungwa. Walimu wa kiume waliposikia habari ya kufundisha wazee Kiingereza, kila mmoja akakumbuka shamba lake. Darasa likamwangukia Bupe, na mkuu wa shule akamwambia wazi kuwa mkaguzi huyohuyo ndiye angesema kama anathibitishwa au hapana. Alirudi nyumbani siku hiyo akapika ugali akasahau kuula.

Tulikutana alasiri katika chumba cha darasa la tatu, magoti yakigonga madawati, wanawake na watoto wao mgongoni, majembe yameegeshwa ukutani. Mwanzoni tulikwenda vizuri. Mambo yaliharibika tulipofika kwenye neno "take". Sisi tulilitamka teki, na hivyo ndivyo nitakavyoliandika.

Alituambia teki ni kuchukua. Tukaelewa, tukaandika. Kesho yake kitabu kikasema teki chai. Mzee Nyangwine akauliza aichukue aipeleke wapi. Bupe akasema hapo maana yake ni kunywa. Tukafuta, tukaandika kunywa. Ukurasa wa pili kukawa na mtu anateki basi, na hapo si kunywa, ni kupanda. Mwingine akateki dawa, akameza. Mwingine akateki kiti, akakaa. Mwingine akateki picha, akawa amepiga picha. Teki viatu, ukiongeza kineno kingine nyuma yake, ikawa kuvua.

Darasa likachafuka. Bhoke, mwanamke mkali kuliko mimi, alifunga daftari akasema Wazungu wametawala dunia nzima wakasahau kutafuta maneno ya kutosha. Simoni, ambaye hakuwahi kufika darasani kwa wakati hata siku moja, alisema ametembea njia yote ile ili aje achekwe na neno.  Mzee Mseti alichukua jembe lake akatoka, na huyo alikuwa mtu mpole kuliko wote.

Bupe akaja kwangu amenywea.

"Hawarudi, dada."

"Watarudi. Wakikaa nyumbani wake zao watawatuma kuni."

Hakucheka. Alikaa nje akiangalia zizi letu, akamwona ng'ombe mmoja mwenye baka jeupe usoni, akasema angalau ninyi mna ng'ombe mzuri.

"Yule si wetu," nikamwambia. "Ni wa rafiki wa mume wangu, yuko Nyamwaga. Amemweka kwetu."

Akataka kujua kwa nini mtu asikae na ng'ombe wake. Nikamweleza jambo ambalo mtoto wa kwetu hulijua kabla ya kuota meno. Mtu mwenye ng'ombe wengi hawaweki zizi moja. Ugonjwa ukiingia, au wezi wakija, atamalizwa. Anawaweka kwa marafiki, mmoja huku, wawili kule. Wewe uliyewekewa unamchunga, unamkamua, maziwa yako, lakini ng'ombe anabaki wa mwenyewe. Nikamwambia pia kwamba ng'ombe wa watu hatajwitajwi. Nikijua fulani amewekewa nani na nani, nanyamaza, hata niulizwe na nani, maana anayetangaza mahali walipo ng'ombe wa wenzake ndiye anayewaonyesha wezi njia. Nilimwambia yote hayo vizuri kabisa. Nadhani alisikia habari ya maziwa tu.

Kesho yake tulirudi karibu wote, wengine kwa kulazimishwa na mimi. Bupe alisimama mbele, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilifika ukuta wa nyuma.

"Neno hili ni mali yangu," akasema. "Nimetoka nalo chuoni. Lina ng'ombe wengi, na peke yangu siwezi kuwachunga. Nimekuja kuwaweka kwenu."

 Halafu Mzee Mseti akasema, "Sasa ndiyo unaongea, mwalimu."

Akagawa. Mzee Nyangwine akawekewa teki chai. Mzee Mseti akawekewa teki kiti. Bhoke akapewa teki dawa kwa sababu ana watoto wengi na kila wiki mmoja anaumwa. Simoni akapewa teki yenye maana ya kutofanya haraka, tukacheka mpaka watoto wakaamka, na yeye mwenyewe akasema ng'ombe huyo amefika kwa mwenyewe. Mimi nikawekewa ya kupiga picha, na wakati huo hata kamera sikuwahi kuiona kwa karibu. Mama mwingine akawekewa ya kufanana na mzazi, na kila aliyekuwa mle alitoka na wake.

Msiniulize jinsi tulivyowatunza. Mzee Nyangwine kila asubuhi alimwambia mkewe kwa Kiingereza ateki chai, na chai yenyewe ilikuwa uji wa mtama. Njiani tuliulizana, "Ng'ombe wako hajambo?" na mwingine anajibu, "Anakamuliwa." Mtu akihitaji maana asiyokuwa nayo alikwenda nyumbani kwa aliyewekewa akaiomba, kama unavyokwenda kuomba maziwa, akaitumia siku hiyo, kisha akanyamaza nayo. Mzee Mseti alipotaka kuongea na mganga wa zahanati juu ya vidonge vyake, alimtuma mkewe kwa Bhoke kwanza. Bupe alikuwa na furaha. Kwa kila ng'ombe tulikuwa tumeanza kujua sentensi nzima, na hakuna aliyekosa darasa. Alianza kulala vizuri, nikamwona hata amepanda migomba nyuma ya nyumba, na mtu anayefikiria kufukuzwa hapandi migomba.

Mkaguzi akaja. Aliitwa Bwana Athuman, mtu wa pwani aliyekuwa amekaa Tarime miaka mingi, mpole, kanzu ameiacha nyumbani lakini kofia anayo, na Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka hata ukaona aibu kukohoa. Alimsalimia Mzee Nyangwine shikamoo, akamsalimia Mzee Mseti, akakaa nyuma kidogo, kisha akaenda ubaoni akaandika neno letu. Nikafurahi. Nikasema moyoni, leo amejileta mwenyewe.

"Haya," akasema, "nani ataniambia mtu akiteki dawa amefanya nini?"

Hakuna aliyejibu. Bhoke hakuwepo. Mtoto wake alikuwa na homa tangu jana, alikuwa amempeleka zahanati.

Bwana Athuman akangoja. "Hakuna anayejua?"

Tulijua wote. Nani asingejua? Lakini ng'ombe alikuwa wa Bhoke, mwenyewe hayupo, na anayeuliza ni mgeni ambaye hatumjui ukoo wake. Tukaangalia majembe yetu ukutani.

Akamgeukia Mzee Nyangwine kwa heshima. "Mzee wangu, nisaidie. Mtu akiteki kiti?"

Mzee Nyangwine akamtazama kama anavyotazamwa mtu anayeulizia njia ya zizi la watu. "Hiyo sina mimi," akasema.

"Huijui?"

"Nimesema sina."

Mzee Mseti, mwenye kiti, alikuwa amekaa pembeni yake, jasho linamtoka. Lakini hakuulizwa yeye, na mtu hasimami mbele ya mgeni kujitangazia ng'ombe ambaye hajaulizwa. Simoni akaulizwa habari ya basi, akatikisa kichwa. Mama mmoja akaulizwa ya picha, na mwanamke yule, Mungu amsamehe, alinitazama mimi kisha akafumba macho. Nami nikafunga mdomo wangu. Nilikuwa namwona Bupe pale mbele, mikono imeshika chaki mpaka imekuwa myeupe, na nilitamani kulia, na bado sikusema. Tumelelewa hivyo.

Bwana Athuman akaweka chaki chini. Hakukasirika, na hilo ndilo lililokuwa baya. Alisema taratibu, kwa huruma, "Mwalimu, hawa umewafundisha kweli?"

Bupe alinitazama. Nikaona uso wake ukibadilika, na nikajua amekumbuka ile nusu nyingine ya maneno yangu, ile aliyoiacha zizini.

"Nimewafundisha," akasema. "Naomba ruhusa kidogo, Bwana Mkaguzi. Nikusanye ng'ombe wangu."

"Ukusanye nini?"

 Alitembea mpaka kwenye dawati la Mzee Nyangwine akapiga goti, maana kwao hivyo ndivyo mtoto anavyozungumza na mzee.

"Tata Nyangwine," akasema, akimwita baba kwa lugha yetu, "nimekuja kuchukua ng'ombe wangu niliyemweka kwako."

Chumba kizima kikashtuka. Mzee Nyangwine akashika dawati kwa mikono miwili.

"Tumekukosea nini?"

"Hamjanikosea."

"Kuna mtu kamnyima majani? Kafa? Nimemkamua vibaya?"

"Hapana, tata."

"Basi kaka yako anaoa, unakusanya mahari?" Watu wengine wangecheka, lakini aliuliza kwa dhati. Bupe akatikisa kichwa. Mzee akashusha sauti. "Mtu hakusanyi ng'ombe wake bure, mwalimu. Kama si ugomvi na si mahari, anahama. Unatuhama?"

Bupe akainamisha uso. Hakuweza kusema ndiyo, na hakuweza kusema hapana. Machozi yalikuwa yanadondoka kwenye sakafu ya udongo, na ile sauti yake ndogo ilikuwa imekwisha kabisa.

Hapo nikasimama. Siri ilikuwa yake, lakini niliona akiendelea kuitunza itamla.

"Hahami kwa kupenda," nikasema kwa sauti yangu yote, na yangu si ndogo. "Huyu baba amekuja kumpima yeye. Tukionekana hatujui kitu, anaondolewa kazini, anarudishwa kwao. Hatafundisha tena, hapa wala kwingine. Ndiyo maana anataka ng'ombe wake warudi zizini kwake, awaonyeshe. Wakiwa kwake ni wake, na mtu yeyote anaweza kuwataja. Sasa mrudishieni, au mnangoja nini?"

"Na wewe ulijua?" Mzee Mseti akaniuliza.

"Nilijua."

"Hukusema."

"Ningesemaje, tata? Wewe ungesema?"

Akakubali kwa kichwa. Mzee Nyangwine alisimama. Alivua kofia yake, akamtazama Bupe aliyepiga goti, akasema polepole ili asikosee, "Teki chai. Ni kunywa chai. Nakurudishia. Hana kovu wala kupe."

"Asante, tata," Bupe akasema.

Kisha wakamiminika. Mzee Mseti akarudisha kiti, akakaa na kusimama mara kadhaa ili Bwana Athuman aone kwa macho. Simoni akarudisha wa kwake bila haraka yoyote, akiongeza sentensi aliyojitungia mwenyewe juu ya mkewe ambayo siwezi kuirudia. Nikarudisha picha. Basi likarudi, viatu vikarudi, yule wa kufanana na mzazi akarudi na mtoto mwenyewe akainuliwa juu ili masikio yake yaonekane yalivyo ya babake. Ilibaki dawa.

Tukatazamana. Mwenye kuwekewa hayupo.

"Nimewahi kwenda kuomba maziwa ya ng'ombe huyo," Mzee Mseti akasema. "Namfahamu. Ni kumeza dawa. Bhoke akirudi akinigombeza nitagombezwa."

Bupe akasimama. Alipangusa uso kwa kiganja, akamgeukia mkaguzi. "Wako wote zizini, Bwana Mkaguzi. Muulize unayemtaka, chochote unachotaka."

Bwana Athuman alikuwa amekaa juu ya dawati la mbele bila kujijua, miguu inaning'inia kama mtoto. Akaanza kuuliza. Alimuuliza Simoni habari ya kiti, Simoni akamjibu. Akamuuliza Mzee Nyangwine habari ya viatu, akajibu, na kumwonyesha vyake vya tairi. Akageuza sentensi huku na huku, akatutegea, tukategua. Kuna maana mbili tulikosea, na nyingine tulibishana wenyewe kwa wenyewe kwa Kikurya mpaka akatuomba tunyamaze. Nilikuwa sijawahi kusikia Kiingereza kingi hivyo mahali pamoja, na kilikuwa chetu.

Mwishoni alimwomba Bupe amweleze tena, taratibu, habari ya kuweka ng'ombe. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akacheka, kicheko cha mtu aliyekuwa amebeba mzigo asioupenda akaambiwa autue.

"Niliambiwa huwezi kushika darasa," akamwambia. "Mimi nimekaa kazini miaka mingi na sijaona darasa lililoshikwa hivi. Limekataa hata kunijibu mimi. Unathibitishwa, mwalimu. Darasa linaendelea. Nikifika mjini nalimaliza jambo hili mwenyewe."

Bupe alisema asante mara nyingi mno, halafu akakaa pale chini alipokuwa. Nikamkumbatia. Alikuwa anacheka, na mimi, nisiyelia ovyo, nililia kama mtu aliyefiwa. Wanawake wakapiga vigelegele. Bhoke alifika wakati huohuo, mtoto mgongoni amepoa, akakuta vigelegele na akaambiwa ng'ombe wake amerudishwa na mzee mwingine, akamgombeza Mzee Mseti mbele ya mkaguzi wa serikali. Tulifurahi hata kwa hilo.

Jua lilikuwa limepoa tulipomwona Mzee Nyangwine akija na njia ya nyumba za walimu. Alikuwa ameshika kamba, na nyuma ya kamba kulikuwa na ng'ombe wa kweli, jike wa kijivu mwenye pembe fupi. Bupe alikuwa nje akinisimulia kwa mara nyingine mambo ambayo niliyaona kwa macho yangu. Akasimama.

"Shikamoo, tata."

"Marahaba." Mzee akafunga kamba kwenye mti wa uzio wa Bupe, akakaza fundo. "Huyu ni wangu. Nimemweka kwako."

Bupe akamwangalia ng'ombe, akaniangalia mimi, akamwangalia mzee. "Tata, mimi kukamua sijui."

"Mogesi jirani yako huyu hapa, atakufundisha. Maziwa ni yako."

"Na ofisi ikinihamisha?"

Mzee Nyangwine alikuwa ameshageuka kuondoka. Hakusimama.

"Mtu aliyewekewa ng'ombe hahamishwi hivihivi. Waambie waje kwanza waongee na mimi."